Alichookota Bi Taratibu

Kichwa changu kinasukwa na mwanamke mmoja tu hapa mtaani, na ndiye aliyekutwa na haya. Alinisimulia mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, na kila alipofika penye uchungu alivuta msuko mpaka machozi yakanilengalenga. Sikulalamika. Kuna habari mtu akikupa, unavumilia hata ukinyofolewa kichwa.

Mtaa mzima unamwita Msusi, nasi tumwite hivyohivyo. Mumewe ni dereva wa lori la mafuta, mtu mpole, bega pana, maneno machache. Wana binti mmoja, wa darasa la tatu, jina lake la nyumbani Kasuku. Alianza kusema kabla hajatembea, na hakuwahi kunyamaza. Yaani, hakuwahi kunyamaza mpaka likizo hii ninayoisimulia.

Zamani kila mwaka walikuwa wakienda kupumzika kwenye nyumba moja ya wageni huko mlimani, kando ya ziwa dogo. Hapakuwa pa kifahari, ila palikuwa pao. Chumba kilekile cha pembeni, meza ileile ya dirishani. Halafu Msusi akaanza kuwa na visingizio. Mara wateja wamezidi, mara mgongo, mara kuna harusi ya nani sijui. Mwaka huu mumewe hakumuuliza. Aliingia na funguo za gari la kuazima, akasema, "Mama Kasuku, fungasha. Kesho tunapanda mlimani."

Kasuku aliruka mpaka vikombe vikalia kabatini. Msusi akacheka nao, lakini moyoni alijisikia kama aliyemeza kokoto.

Njiani ukanda wa ndara nyekundu ya Kasuku ulikatika. Baba yake akasimamisha gari, akauunga kwa kipande cha waya wa shaba, akausokota mara kadhaa. Waya ulikuwa mpya, unang'aa kama jicho la paka. Ukumbuke huo waya.

Walipofika, nusura wapite. Nyumba iliyokuwa nyeupe sasa ilikuwa ya kijivu. Getini kulikuwa na mlinzi mwenye sare. Bembea za watoto hakuna. Ile kengele ya shaba mlangoni, ambayo wageni walikuwa wakiitwa nayo mezani, imeng'olewa, yamebaki matundu mawili ukutani. Baraza yote imepigwa vigae vya kumeremeta, isipokuwa pembe moja iliyobaki saruji tupu.

"Hapo mafundi wamesalimu amri," alisema binti wa mapokezi akicheka. "Kila wakibandika, asubuhi vigae vimebanduka."

Msusi hakucheka. Pembe ile ndipo kilipokuwa kiti cha Bi Taratibu.

Sasa nikwambie Bi Taratibu alikuwa nani. Alikuwa mtunza vyumba wa pale, mama mtu mzima, miguu mibovu, anatembea upandeupande. Ukikimbia ngazini, "taratibu." Ukilia, "taratibu." Jina likamganda. Na alikuwa na tabia yake moja. Chochote alichookota akifagia, kiwe kishikizo, kiwe pini, hakukipeleka mapokezi. Alikikunjia kwenye kitambaa cheupe, pembe kwa pembe, akakiweka juu ya mto wa mwenyewe. Vitambaa vile alivishona kutokana na mashuka makuukuu, akavipinda ukingoni kwa uzi wa buluu. Wageni wakimshukuru alisema, "Kitu hakipotei, mwanangu. Kinajificha tu. Mimi nakitafuta taratibu."

Mara ya mwisho walipokwenda, Msusi alikosa hereni moja ya dhahabu, ya urithi kutoka kwa mama yake. Akatafuta, akapindua godoro, akapandwa na hasira. Akatoka mpaka ukumbi wa chakula, watu wanakunywa chai, akasema kwa sauti: "Aliyeingia chumbani kwangu ni huyu mmoja tu."

Mumewe alimwamini, kama mume anavyomwamini mkewe. Aliuchukua mkoba wa mama yule kwa mikono yake mwenyewe, akaumwaga mezani mbele ya kila mtu. Ukatoa kitana, dawa ya kuchua miguu, nusu mkate na vitambaa vyake. Hereni haikuwemo. Lakini meneja wa wakati ule alikuwa mtu wa kuogopa kusemwa, na siku hiyohiyo akamfukuza. Bi Taratibu aliokota vitu vyake kimoja kimoja. Akamwangalia Msusi, akasema, "Umetafuta haraka, mwanangu. Ungetafuta taratibu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Walipokwisha rudi nyumbani, Msusi alikuwa akishona tundu la mfuko wake wa vitana, kitu kikamwangukia mapajani kutoka ndani ya bitana. Hereni.

Alifanya nini? Aliifukia kwenye kopo la mafuta ya nywele, akafunga kifuniko. Alijiambia atapiga simu kesho. Kesho ikazaa kesho. Amwambieje mumewe, aliyeumwaga mkoba wa mwanamke wa umri wa mama yake? Akanyamaza. Nilipomuuliza aliwezaje, alinivuta msuko akasema, "Aibu, dada. Aibu inakufunga mdomo kuliko kufuli."

Basi jioni ile walikaa mezani, akatoka mpishi. Ni yuleyule wa zamani, amezeeka kidogo. Dereva akamwamkia, akauliza, "Na yule bibi yetu wa vyumba, siku hizi yuko wapi?"

Mpishi alipanga vijiko kwanza. "Alifariki. Tangu alipotoka hapa hakuwa mtu tena. Alikuwa akikaa mlangoni kwake na kusema, kuna kitu cha watu sijakiona."

"Maskini," alisema Dereva. Akainamisha kichwa. "Mungu amrehemu. Hata kama alitukosea."

Mpishi akamwangalia Msusi masikioni. Msusi akajishika sikio lisilo na kitu, akasema supu ni nzuri.

Asubuhi walikwenda kutembea ziwani. Waliporudi, kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu ya mto wa Msusi palikuwa na kitambaa cheupe, kimekunjwa pembe kwa pembe. Ukingo wake una uzi wa buluu.

Ndani yake alikuta kitana cha mfupa alichokipoteza pale wakati hata Kasuku hajazaliwa.

"Loo! Wamekarabati mpaka wakakiona," alisema Dereva kwa furaha. "Huo ndio uaminifu." Msusi akakimbilia mapokezi kushukuru, kumbe anapeleleza. Binti akashangaa. Mtunza vyumba alikuwa hajaanza zamu, na ufunguo wa chumba chao alikuwa nao Dereva mfukoni.

Siku iliyofuata kitambaa kilikuwa juu ya mto wa Kasuku. Ndani kulikuwa na jino la utoto. Kasuku aliling'oa pale zamani, likamponyoka likazama ziwani, akalia siku nzima.

"Bibi kanirudishia jino langu!" alipiga kelele, akilionyesha kila mtu, mlinzi, binti wa mapokezi, hata paka.

"Bibi gani?" Msusi aliuliza.

"Yule wa barazani. Anakaa kwenye kiti pale pasipo vigae."

Msusi alichungulia barazani. Jua lilikuwa linawaka, na pembe ile ilikuwa tupu. Lakini saruji yake ilikuwa imetoka kufagiliwa, mistari ya ufagio bado inaonekana.

Hapo ndipo angesema. Yeye mwenyewe anakiri kwamba hapo ndipo angesema. Badala yake alikunywa maji, akalalamikia kichwa.

Siku ya tatu ulikuja ufunguo. Mdogo, wa kufuli, umechakaa. Dereva aliugeuzageuza kiganjani, uso ukambadilika. Ulikuwa wa chumba chao cha kwanza cha kupanga, ulioangukia kwenye mtaro wa sokoni, huko mjini, siku walipohamia. Hawakuupotezea mlimani. Wakati ule mlimani walikuwa hata hawajapajua.

"Mama Kasuku," alisema polepole. "Huu umefikaje hapa?"

"Sijui."

"Una nini wewe tangu tumefika? Niambie."

"Sina kitu."

Akautia ufunguo mfukoni na kutoka nje. Msusi alibaki ameketi kitandani. Alijua sasa. Mama yule alikuwa bado anatafuta. Amemaliza vyumba vya nyumba ile, ameingia kwenye maisha yao, anafagia kila pembe. Na kitu alichokuwa akikitafuta kilikuwa kwenye kopo la mafuta.

Siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, ukungu ulianza kushuka. Msusi aliingia chumbani kuchukua shali. Kitambaa kilikuwa pale. Safari hii kilikuwa kimelowa, maji yanadondoka kutoka kwenye mto mpaka sakafuni.

Akakikunjua.

Ndara nyekundu. Ndogo. Imejaa tope la ziwa. Ukanda wake umeungwa kwa waya, umesokotwa kama anavyosokota Dereva. Lakini waya haukung'aa tena. Ulikuwa umeota kutu ya kijani, kama uliokaa majini miaka.

Alitoka mbio. Kasuku alikuwa barazani, anamfundisha paka kuhesabu. Mguu wa kulia una ndara. Mguu wa kushoto una ndara. Waya unang'aa.

Msusi alimshika bega mwanawe kwa nguvu mpaka mtoto akalia "Aa, mama!" Akamwachia. Akakimbilia jikoni na kitambaa mkononi.

Mpishi alikiona, akaweka kisu chini.

"Umekitoa wapi?"

"Chumbani. Kitandani. Juu ya mto." Maneno yalimtoka ovyo. "Nani anavyo hivi vitambaa?"

"Hakuna mtu anavyo," mpishi alinong'ona. "Binti wa Bi Taratibu alivipanga kifuani mwa mama yake. Vyote. Nilikuwepo. Tulivizika naye."

Msusi akamwendea mumewe, aliyekuwa akifuta kioo cha gari uani. Akamwambia waondoke, sasa hivi. Dereva akaonyesha ukungu. Geti halikuonekana tena. "Mimi kazi yangu barabara," alisema. "Mteremko ule kwenye ukungu unaua. Tutangoja upite."

"Hapana. Sasa hivi. Tafadhali."

"Nipe sababu. Moja tu, mke wangu, na nitawasha gari."

Akafungua mdomo. Hereni ilikuwa ulimini, ndivyo alivyoniambia, aliionja kabisa, baridi na chumvi. Akamwangalia mtu yule aliyemwamini. Akafunga mdomo.

"Siwezi," alisema.

Waligeuka wote wawili kutazama barazani. Paka alikuwa peke yake.

"Kasuku!"

Kimya. Mtoto asiyejua kunyamaza. Kimya.

Walimwita. Mlinzi akamwita, mpishi akamwita, binti wa mapokezi akavua viatu vyake virefu akakimbia peku kwenye majani. Ukungu ukayameza majina yote. Msusi hakwenda kwingine. Aliteremka moja kwa moja ziwani, anajua.

Kwenye tope la ufukoni palikuwa na nyayo. Ndogo, za ndara. Kando yake nyingine, kubwa, za mtu anayetembea upandeupande. Zilikwenda sambamba, bila haraka. Ziliingia majini. Hazikutoka.

Dereva alizitazama mara moja tu, akajitosa. Maji yakamfika kiunoni, kifuani. Alipapasa chini kwa mikono yake yote miwili, anazama, anaibuka, analia kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. Na hapo, mbele ya mumewe na mpishi na watu wote wa nyumba ile, Msusi akapiga magoti kwenye tope.

"Niliipata!" alipiga kelele kuelekea ukunguni. "Hereni niliipata! Ilikuwa kwenye mfuko wangu mwenyewe! Niliipata, nikaificha! Bi Taratibu, hukuiba! Mama, hukuiba kitu!"

Dereva alisimama majini. Hakugeuka upesi. Maji yalimchuruzika puani na kidevuni, na alipogeuka alimtazama mkewe kama mtu anayejaribu kumkumbuka.

Kisha, kule juu nyumbani, kengele ikalia.

Kengele ya shaba. Ile iliyong'olewa.

Walipanda mbio. Mlango wa chumba cha pembeni ulikuwa wazi. Kitanda kimetandikwa, shuka limenyooka halina hata kunyanzi. Katikati amelala Kasuku, chali, mikono kifuani, kichwa juu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa pembe kwa pembe. Mkavu mwili mzima, isipokuwa nywele. Mguu mmoja una ndara. Mwingine hauna.

Baba yake akamnyanyua, akamtikisa, anamwita. Mtoto akafumbua macho, hana haraka.

"Taratibu, baba," alisema. "Utawasumbua wageni."

Ukungu ulipita kabla jua halijazama, wakaondoka. Getini mpishi aliinama kwenye dirisha la Msusi. Msusi alidhani atamtukana. Angalau angemtukana! Alisema tu, "Ungesema akiwa hai," akarudi jikoni kwake. Njia nzima Dereva alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele.

Juma lililofuata Dereva aliichukua hereni kwenye kopo, akaipangusa mafuta, akasafiri nayo peke yake hadi kwa binti wa Bi Taratibu. Alirudi nayo. Yule binti alimkaribisha, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Kaka, sisi nyumba hii hatuchukui kisicho chetu." Dereva aliiweka mezani mbele ya mkewe, akaenda kulala kwenye kochi. Huko ndiko anakolala.

Na Kasuku? Mzima wa afya. Majirani wanamsifu, na mimi nilikuwa miongoni mwao, nisijue ninachokisifu. Mtoto aliyekuwa anaacha daftari huku na soksi kule, sasa anakunja nguo pembe kwa pembe. Hapigi kelele. Anatembea upandeupande kidogo, daktari haoni kosa. Na anaokota. Ukipoteza kitu mtaa huu, mwulize yeye. Mimi mwenyewe alinirudishia kipini changu cha pua, kimekunjiwa kwenye kitambaa. Nilimpa peremende. Jioni nilipojitazama kwenye kioo, kipini changu kilikuwa bado puani. Nikajiambia nimechanganya, labda ni cha mwingine. Siku mbili baadaye kikaniponyoka kisimani.

Hayo ndiyo aliyonisimulia Msusi jana alasiri, na yangeishia hapo nisingekuwa na usingizi mbaya hivi. Lakini alikuwa hajamaliza nusu ya kichwa changu Kasuku alipoingia kutoka shule. Aliniamkia vizuri. Akamsogelea mama yake, akamwekea kitu mapajani, kitambaa cheupe chenye uzi wa buluu. Sijui nani anamshonea.

Mkono wa Msusi ulikufa ganzi nyweleni mwangu. Alikikunjua kwa mkono mmoja, pembe moja moja. Ilikuwa pete ya ndoa ya kiume, pana, yenye mkwaruzo mrefu.

"Hii ni ya baba," alinong'ona. "Mkwaruzo wa jeki ya gari. Umeitoa wapi? Baba ameivaa."

"Iweke tu, mama," alisema mtoto. "Utakuja kuitafuta."

Nje honi ya lori ikalia. Dereva akaingia, mkono mmoja ameushika mlango. Sikutaka kutazama, macho yakaenda yenyewe. Pete ilikuwa kidoleni mwake, na mkwaruzo wake.

Hakunisalimu hata mimi. "Mama Kasuku," alisema, "ukimaliza na mgeni, nataka tukae tuzungumze. Nimefikiri sana huko njiani."

Msusi alifumba kiganja chake juu ya pete ile nyingine.

"Taratibu, baba," alisema Kasuku, akamvutia kiti.